Kimulimuli cha Shangazi Anyitike

Tofali lilipoanza kupepesa kwenye skrini, Shangazi Anyitike aligeuza uso akautazama ukuta. Kwa waliomjua, huo ulikuwa mwisho wa mazungumzo.

"Soma kwanza, Shangazi," Bupe alimbembeleza.

"Nimeshaona anayeandika ni nani. Yaliyobaki ni porojo."

Pale Ndembelwa, kwenye mteremko wa mlima Rungwe, hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya kile kidude kinachowaka na kuzimika pale herufi inayofuata itakapotua. Vitabuni kiliitwa kielekezi. Watu walikiita kimulimuli, na hawakuona haja ya jina lingine. Kikiwa mstari mwembamba chini kabisa, anayeandika ni binadamu aliyezaliwa na mama. Kikiwa tofali, yaani kimejaa kutoka juu hadi chini, anayeandika ni Mshauri, ile mashine iliyofungiwa kabatini. Mstari ni mtu, tofali ni mashine: watoto waliruka kamba kwa maneno hayo kabla hawajajua kuhesabu vizuri, na sheria iliyosema hivyo ndiyo sheria pekee ambayo hata walevi wa pale sokoni hawakuibishia.

Bupe alijiinamia juu ya toroli lililobeba skrini na kibodi, akayasoma tena maneno ambayo shangazi yake alikataa kuyasoma.

MGUU UKATWE CHINI YA GOTI. LEO. SUMU IKISAMBAA KWENYE DAMU HATAPONA.

Mambo yalianza na kitu kidogo tu, mkwaruzo wa jembe kwenye kidole gumba. Mtu mwingine angepona akasahau. Ila Shangazi alikuwa na kisukari. Kidonda kilipogeuka cheusi bado alikuwa akikificha ndani ya soksi ya sufu na kulalamikia baridi, na baridi ya Ndembelwa haihitaji shahidi, kwa hiyo kila mtu alimwamini. Harufu ndiyo iliyomsema. Sasa alikuwa amelala kitanda cha dirishani, uso umemvimba kwa homa, mdomo ukiwa mzima kama siku zote.

"Tofali halinikati mguu," aliuambia ukuta. "Mwiteni Daktari Mwaipungu aandike yeye mwenyewe. Mstari ukisema ukatwe, nitaunyoosha bila kushikwa."

Tatizo ni kwamba Daktari Mwaipungu alikuwa Mbeya, na kati ya Mbeya na Ndembelwa mlima ulikuwa umeshuka na mvua, ukazoa nguzo za waya pamoja na barabara. Mafundi wa njia ya waya walituma mtu kwa miguu kusema watahitaji wiki nzima, mvua ikiwaruhusu. Mguu wa Shangazi haukuwa na wiki ya kuwapa.

*

Chumba cha mashine kilikuwa nyuma ya jiko la kituo cha afya, mahali pakavu kuliko pote. Tabibu Ambakisye aliingia nyuma ya Bupe akafunga mlango, akaegemea hapo kana kwamba mtu angewafuata. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye mikono mizuri. Alishawahi kukata miguu miwili na mkono mmoja, kila mara Daktari Mwaipungu akimwongoza hatua kwa hatua kwenye skrini, na wote watatu walipona.

"Dada Bupe, ninaweza kuifanya," alisema. "Mshauri ataniongoza. Vitabu vile anavyosoma daktari, yeye anavyo vyote."

"Najua."

"Lakini siwezi kumkata mtu ambaye hataki. Na hasa mtu anayerusha vikombe."

Bupe alitaka kucheka akashindwa. Alikaa kwenye kigoda mbele ya kabati, akasikiliza feni za Mshauri zikikoroma taratibu.

Mashine zenyewe zilikuwa kongwe. Ule mwaka wa Mng'ao, jua lilipotema moto na anga ikawa nyekundu mpaka upande wa ziwa Nyasa, mashine zote za kisasa ziliungua ndani kwa ndani. Kadiri vipande vyake vilivyokuwa vidogo ndivyo zilivyokufa haraka. Simu za mfukoni zilikuwa za kwanza. Zilizosalimika ni kompyuta za zamani zilizotupwa kwenye stoo za shule na ofisi, nzito, nene za ndani, zisizojua picha wala sauti. Zilijua herufi tu, safu kwa safu kwenye skrini nyeusi. Watu walizifuta vumbi wakazirudisha kazini. Kumi na kitu kati ya hizo, zikiunganishwa pamoja, ndizo zilizomlea Mshauri. Alikuwa mzito wa kujibu, ila alipojibu hakubabaisha.

Na ni katika mwaka huohuo ndipo Shangazi alipoanza kulichukia tofali, wakati huo likiwa bado halijawa tofali.

Daktari wa mjini alikuwa amefariki wiki za mwanzo za Mng'ao. Waliokuwa wakihudumu naye waliona wasiwakatishe watu tamaa, wakamwacha Mshauri wa kule aendelee kuandika kwa jina la marehemu. Masika yote yakapita hivyo. Watu walimsimulia siri zao, wakamlilia, wakawapa watoto wachanga jina lake. Gwamaka, mume wa Shangazi, alikuwa na uvimbe tumboni. Daktari aliandika kwa upole kwamba hakuna la kufanya, arudishwe nyumbani akae na watu wake. Shangazi akamrudisha, akamuuguza, akamzika. Baada ya matanga akachagua mkungu bora kuliko yote shambani, akautuma mjini umfikie daktari, kwa sababu alimwambia ukweli bila kumuumiza. Salamu za shukrani zikaja. Ukweli ulipofichuka, Shangazi hakumlilia tena mume wake. Aliulilia mkungu.

"Na ushauri wenyewe ulikuwa sahihi," Ambakisye alisema, kana kwamba alikuwa akimfuata Bupe mawazoni. "Uvimbe ule hata daktari hai asingeuweza."

"Najua. Na yeye anajua. Usije ukamwambia tena, ndiyo sababu alikurushia kile kikombe."

Ambakisye akakitazama kile kisanduku kidogo cha bati kilichokaa kati ya kabati la Mshauri na waya wa skrini, kilichopigwa lakiri nyekundu ya serikali.

"Wewe ndiye mwenye ufunguo," alisema kwa sauti ya chini.

Bupe alijua toka walipotoka wodini kwamba neno hilo lingefika, na alikuwa amelikasirikia kabla halijasemwa.

Kazi ya kisanduku ilikuwa moja. Maneno yakitoka kwenye waya wa Mbeya, kinaiambia skrini itoe mstari. Yakitoka kabatini, kinaiambia itoe tofali. Aliyeruhusiwa kukifungua ni fundi wa kiapo peke yake, na kwa milima yote ile fundi huyo alikuwa Bupe Mwasomola. Alikuwa amesimama sokoni, watu wakimtazama, akatamka: sitaivika mashine ngozi ya mtu. Shangazi alikuwa mstari wa mbele siku hiyo, amevaa vitenge viwili vya sare, akimpigia vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Ni Shangazi aliyemlea. Ni Shangazi, karani mstaafu wa kiwanda cha chai, aliyemchorea kibodi kwenye kipande cha boksi na kumfundisha kupiga chapa mezani jikoni, akimgonga vidole kwa mwiko kila alipotazama chini. Bila yeye Bupe asingekuwa fundi wa chochote. Na leo mtu huyohuyo alikuwa akioza mguu, kwa sababu ya umbo la kidude kinachopepesa.

"Ukiwa unamdanganya mtu ili apone," Bupe aliuliza, "yeye akishapona anabaki na nini?"

"Anabaki na uhai."

"Na waliouchukua ule mkungu wa ndizi, si walisema hivyohivyo?"

"Dada Bupe, mimi nimeusafisha ule mguu asubuhi," Ambakisye alisema. "Nikisubiri hadi kesho, sitakuwa na pa kukata."

*

Lakiri ilivunjika kirahisi kuliko alivyotarajia. Hilo lilimuudhi, alitaka angalau imkatalie kidogo.

Kubadili kimulimuli si kazi ya mabingwa. Kwenye skrini za aina ile, kila herufi inakaa kwenye kijumba chenye safu nane za nukta, na safu zinahesabiwa kutoka juu, kuanzia sifuri mpaka saba. Kimulimuli ni namba mbili tu: safu kinapoanzia na safu kinapoishia. Sifuri na saba, umepata tofali. Sita na saba, umepata mstari. Kupepesa kwenyewe hakubadiliki, kasi yake iko kwenye chuma na haisikilizi amri ya mtu. Umbo, basi, linabadilika kwa sekunde. Sheria nzima iliyopatikana kwa machozi ya nchi ilikuwa imesimama juu ya namba mbili.

Bupe alifungua programu ya kisanduku. Akashusha mpaka kwenye mistari inayohusu maneno ya kabatini. Akafuta sifuri, akafuta saba, akagonga namba mpya kwenye kile kibao cha namba kilicho upande wa kulia wa kibodi, akathibitisha.

Kwenye skrini yake ya majaribio kikatokea kitu cha ajabu. Ukanda mmoja ulikuwa ukiwaka juu kabisa ya kijumba cha herufi, na mwingine chini kabisa, katikati pakiwa peusi.

"Ni nini hicho?" Ambakisye aliuliza.

Bupe alitazama alichoandika. Sita na moja. Kosa hilo alikuwa akilifanya tangu alipoanza ufundi, na wote wa rika lake walilifanya. Walikua na simu viganjani, na kwenye simu saba iko chini kushoto. Kwenye vibao vya kompyuta kongwe, chini kushoto iko moja. Moyo ukiwa umetulia unakumbuka, ukihangaika kidole kinarudi utotoni. Mashine nayo ilikuwa imetii ilivyoambiwa: ilianzia safu ya sita, ikaenda ya saba, na kwa kuwa haikuukuta mwisho, ikapandia juu, sifuri, moja, ikasimama.

"Si kitu," alisema. "Nimekosea namba."

Akarekebisha. Sita na saba. Mstari mwembamba ukaanza kupepesa, msafi, mpole, kama ule wa Daktari Mwaipungu. Bupe aliutazama akajisikia vibaya, hasa kwa sababu ulikuwa hauna tofauti yoyote.

*

Mvua ilikuwa imezidi walipolirudisha toroli wodini. Shangazi alikuwa amefumba macho, lakini magurudumu yalipolia kwenye sakafu akayafumbua.

"Njia imepona?" aliuliza.

"Tumekuletea skrini, Shangazi," Bupe alisema. Aliyachagua maneno hayo huku akijidharau, kwa sababu hayakuwa uongo.

Shangazi aliomba miwani yake. Akaivaa taratibu, akaisukuma juu ya pua, akaikabili skrini. Maneno yalikuja herufi kwa herufi, mstari ukitangulia mbele yao. Mguu ukatwe chini ya goti. Leo. Bupe alikuwa amesimama upande wa kichwani, mikono nyuma. Ambakisye alibaki mlangoni.

Shangazi alisoma mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto, ule usio na sindano ya dripu, akauweka juu ya kibodi. Vidole vilijipanga vyenyewe, kila kimoja mahali pake. Mshauri hakufundishwa kudanganya. Akiulizwa yeye ni nani, atajibu.

Vidole vikakaa hapo. Kisha Shangazi akauondoa mkono.

"Hapana," alisema. "Hiki kidude siwezi kukiuliza. Bupe."

"Abee, Shangazi."

"Nakuuliza wewe. Anayeandika hapa ni nani?"

Jina la Daktari Mwaipungu lilifika kwenye ulimi wa Bupe, likakaa pale, zima, tayari. Lilikuwa neno moja tu. Skrini ilikuwa imeshamfanyia sehemu kubwa ya uongo, iliyobaki ilikuwa hiyo ndogo. Aliutazama ule mkono juu ya shuka, mishipa imesimama, kucha zimekatwa fupi kama za karani. Akagundua kwamba kuivika mashine mstari alikuwa ameweza, na kumwambia huyu mama neno hilo hawezi.

"Ni Mshauri, Shangazi," alisema. "Ule mstari nimeuweka mimi. Nimevunja lakiri."

Mlangoni Ambakisye aliinamisha kichwa. Mvua ilipiga bati. Bupe alisubiri kikombe, na kwa kweli angefurahi kama kingekuja.

"Sita na saba," Shangazi alisema.

Bupe alimkodolea macho.

"Usinitazame hivyo. Kabla hujazaliwa mimi nilikuwa nimekalia hizi mashine, zikiwa mpya, zinanukia plastiki. Kila karani kiwandani alikuwa na kimulimuli chake, tulikuwa tunaandikiana programu ndogo kama wasichana wengine wanavyosukana nywele. Huyu nusu tofali, huyu mstari wa katikati. Tumpe, yule mwenye maringo, alikizima kabisa akawa anaandika kama kipofu ili wakubwa wamwone bingwa. Siku moja alifuta mishahara ya watu wote."

"Na chako?"

"Changu kilikuwa kimepasuka, kipande juu kipande chini. Nikienda kunywa chai nikirudi nikakuta mstari wa kawaida, najua kuna mtu amekalia kiti changu, akavuruga, akaizima na kuiwasha mashine ili nisijue."

"Sita na moja," Bupe alisema polepole.

"Sita na moja. Nani kakwambia?"

"Kidole changu. Nilikosea."

Shangazi aliguna, na kwa mara ya kwanza siku ile kulikuwa na kicheko ndani ya mguno huo. Kikaisha upesi. Homa ilimrudisha kwenye mto.

"Kwa hiyo ulijua," Bupe alisema. "Miaka yote hii ulijua kwamba mstari si chochote, kwamba mtu yeyote anaweza kuubadili."

"Nani alikwambia ninauamini mstari? Nilikuwa nawaamini ninyi mnaoulinda." Alimtazama mpaka Bupe akatazama chini. "Umeniumiza, Bupe. Sitasema hukuniumiza."

"Nilitaka upone."

"Na wale pia walitaka tupone. Hakuna aliyenichukia. Watu wazuri ndio waliokula ndizi zangu."

Bupe alipiga magoti kando ya kitanda akalia. Alilia waziwazi, bila kujificha, kwa sababu alikuwa amechoka na kwa sababu alikuwa anakwenda kumpoteza mama pekee aliyemjua. Shangazi alimwacha alie. Hakumpapasa kichwa, hakumwambia yaishe.

"Unajua ubaya wa kabati?" alisema baadaye. "Si kwamba halina akili. Lina akili kuliko Mwaipungu, na Mwaipungu mwenyewe anajua. Ubaya wake ni kwamba likikosea, matangani kwangu atakuja nani? Kabati? Daktari akikosea atakuja akae kwenye mkeka, watoto wa kaka yangu wamtazame, ashindwe kumeza chai. Mtu anayejua kwamba atatazamwa anafikiri mara mbili. Hilo ndilo ninalolitafuta kwenye mstari, mwanangu. Nataka mtu wa kutazamwa."

"Daktari hayupo, Shangazi."

"Nimesikia. Basi sema wewe."

"Mimi si daktari. Mimi fundi wa waya tu."

"Sijakuuliza cheti. Hayo ya kwenye skrini umeyasoma? Mguu umeuona?"

Bupe alifungua mdomo kusema ndiyo, akaufunga. Kwa kweli hakuwa ameuona. Tangu soksi ile ivuliwe alikuwa akisimama upande wa kichwani, akiushika mkono, akiikwepa harufu. Alikuwa tayari kudanganya ili mguu ukatwe, na hakuwa ameutazama.

Alisimama akaenda miguuni. Akaifunua shuka.

Hakuna haja ya kusimulia alichokiona. Alijilazimisha kutazama mpaka akaacha kutamani kutazama pengine. Ambakisye alikuja akasimama naye, akamwonyesha kwa ncha ya kidole mahali ambapo ngozi ilikuwa bado na joto, na mahali ilipoanza kupoa, na jinsi mpaka huo ulivyokuwa umepanda tangu asubuhi. Bupe aliuliza maswali ya kijinga na Ambakisye akayajibu yote. Akaivuta kibodi, akamwandikia Mshauri: tukisubiri wiki je? Feni zilikoroma nyuma ya jiko. Jibu likaja kwamba hatafika wiki. Akaandika: na ukiwa umekosea je?

NINAWEZA KUKOSEA. MGUU SIJAUONA. NINYI MMEUONA.

Bupe aliyasoma maneno hayo mara kadhaa. Aliona kwamba tangu mwanzo mashine ilikuwa haimnyang'anyi mtu kitu chochote. Wao ndio waliotaka kuitwisha mzigo wa kuamua, kwanza kule mjini, na leo yeye. Akarudi kichwani pa kitanda.

"Ukatwe, Shangazi," alisema. "Ninaogopa, na inawezekana nimekosea. Lakini nimeutazama, na mimi nasema ukatwe leo. Usipoamka, nitakaa matangani mbele kabisa, wanitazame wanavyotaka."

Shangazi alifumba macho. Ambakisye alisogea kumshika mapigo.

"Niache, bado nipo," alimfokea. Akayafumbua macho, yakiwa yamelowa. "Haya. Hivyo ndivyo mtu anavyosema. Kateni."

"Ndaga, Shangazi," Bupe alinong'ona.

"Usinishukuru, mguu ni wangu. Nenda kaondoe ule uongo kwenye skrini kwanza. Sitaki nilale usingizi wa dawa mbele ya mstari wa bandia."

"Nirudishe tofali?"

Shangazi alifikiri. Homa ilikuwa imempa macho ya msichana.

"Weka changu," alisema.

*

Safari hii Bupe aligonga moja kwa makusudi.

Aliporudi, Ambakisye alikuwa ameshachemsha vyombo na kuvitandaza juu ya kitambaa cheupe, na dawa ilikuwa imeanza kumlegeza Shangazi. Toroli lilisogezwa mahali ambapo tabibu angeweza kuisoma skrini bila kugeuka sana. Kimulimuli kilikuwa kikipepesa mwishoni mwa maelekezo ya kwanza, ukanda juu, ukanda chini.

"Wakiniuliza hii ni mtu au mashine, niseme nini?" Ambakisye aliuliza.

"Sema ni mashine, na kuna mtu amesimama nayo."

"Watakunyang'anya kiapo, Dada Bupe. Pengine na kazi."

"Njia ikipona nitawaandikia mwenyewe, na wewe usinifichie. Nilivunja lakiri ili nidanganye. Hilo lilitokea, hata kama sikumaliza." Alitazama kitandani. "Wakitaka kuniuliza hadharani, sokoni palepale, nitakwenda."

Shangazi alikuwa bado hajalala kabisa. Alikuwa ameinua shingo kidogo, anakitazama kile kimulimuli chake cha ujanani kikiwaka na kuzimika, na midomo ilikuwa ikimcheza.

"Kiti changu hicho," alisema kwa ulimi mzito. "Anayekalia aandike jina."

Kichwa kikarudi kwenye mto. Ambakisye alihesabu pumzi zake, akamtazama Bupe, akangoja.

Bupe aliivuta kibodi. Chini ya maneno ya Mshauri, pale ambapo kwa desturi Daktari Mwaipungu angetia sahihi yake, aliandika jina lake lote, Bupe Anyitike Mwasomola, bila kutazama chini hata mara moja. Kisha akaenda kunawa mikono, maana tabibu alihitaji mtu wa kumshikia taa.